Harusi Iliyoifuta Sauti ya Mama

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Naishi pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, upande wa barabara iendayo Nkasi. Sijaolewa. Shule niliacha nikiwa kidato cha pili. Nayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu, ingawa kuna siku nahisi kama zinataka kuniacha...

Ndugu wasomaji, nimewasoma wengi wenu mkisimulia jinsi mlivyoporwa mume, shamba au nyumba. Mimi niliporwa sauti. Sauti ya mama yangu mzazi! Na aliyenipora ni mtoto niliyemlea kwa mikono yangu hii hii.

Tumezaliwa watatu. Mimi, Skolastika, ndiye wa kwanza. Ananifuata Deus, halafu kitinda mimba wetu Evodia. Baba alifariki wakati mama akiwa na ujauzito wa Evodia. Nakumbuka siku ya maziko wazee walimvuta Deus mbele, mtoto wa miaka kumi na miwili, wakampa udongo awe wa kwanza kuutupa kaburini kwa sababu yeye ndiye mwanamume. Mimi niliyemzidi miaka mitano nilikuwa nyuma nimemshikilia mama asianguke. Tangu siku ile watu wa ukoo wakazoea kumwita Deus "mkubwa wa nyumba". Sikuona ubaya. Niliona ni maneno tu ya wazee.

Ndipo nilipoacha shule, nikaingia jikoni kumsaidia mama kupika pombe ya ulezi.

Mama yangu alikuwa fundi wa pombe ile. Kuloweka ulezi, kuuotesha, kuuanika, kuusaga, kupika, kungoja ichache, kuchuja... alijua kila hatua kwa pua yake. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kunywa kwake, si kwa pombe tu, bali kwa maneno yake pia. Mama alikuwa na mzaha! Mwanamume akilewa akaanza kutukana, mama alimwambia, "Baba, nenda kalale, matusi yako tutakutunzia, utayakuta kesho." Watu wote wanacheka, na mlevi mwenyewe anaondoka akicheka.

Miaka ile kulikuwa na chaneli moja ya video ambayo sisi watu wa huku tuliipenda sana. Iliitwa Hodi Hodi. Mwenyewe alikuwa kijana anayeitwa Festo. Alipanda pikipiki yake akazunguka Ufipa yote, anafika kwenye mji wa mtu, anapiga hodi huku kamera inachukua, halafu anakaribishwa na kufundishwa kazi ya pale. Alifinyanga vyungu, akalima matuta, akashuka ziwani Kirando akaanika dagaa na akina mama. Kila kazi aliikosea, na raha ya chaneli ilikuwa pale anapokosea na wenyeji wanamcheka!

Siku moja akapiga hodi kwetu.

Video ile naijua yote kichwani. Mama yuko uani na Evodia mgongoni, hajafikisha hata miaka miwili. Anasema, "Karibu baba, lakini kwangu mgeni mwenye kamera anachuja pombe!" Anampa chujio. Festo anachuja, inamwagikia viatu. Mama anacheka... kicheko chake kilianzia chini kama mtu anayekohoa, halafu kinapanda, kinapanda, mpaka anashika kiuno. Anaonja pombe kwenye kopo, povu linabaki mdomoni, anacheza hatua chache kumwonyesha Festo jinsi wateja wake wanavyoondoka jioni. Evodia anashtuka, analia. Mama anaacha mzaha wote, anajipigapiga mgongoni, anambembeleza kwa Kifipa, taratibu, mpaka mtoto ananyamaza. Hapo video inaisha.

Mwaka uliofuata mama aliugua, wala hakuugua sana. Tulimpeleka hospitali akitembea, tukamrudisha amebebwa.

Nikabaki na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Ndugu walitaka kutugawana, Evodia aende kwa shangazi, Deus kwa mjomba. Nilikataa katakata. Niliwaambia hawa hawatoki hapa. Nikawasha moto, nikaotesha ulezi, nikaendelea pale mama alipoishia. Wanaume wawili walikuja kunitaka uchumba, wote wakaweka sharti watoto wabaki kwa ndugu. Wote niliwafungulia mlango wakaenda zao. Pombe ile ile ndiyo iliyomsomesha Deus, sekondari mpaka chuo!

Evodia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mama. Angeipata wapi, mtoto wa miaka mitatu? Alichokuwa nacho ni ile video. Kila Jumapili tukitoka misa tulikaa kwenye mkeka, nafungua simu, tunaiangalia wote watatu. Ikifika pale mama anapobembeleza, Evodia alichukua simu akaiweka sikioni, akafumba macho. Alijua mtoto yule anayelia mgongoni ni yeye. Alijua kwamba maneno yale aliambiwa yeye.

Hivi mnaelewa ninachosema? Wengine wana picha ya mama ukutani. Evodia alikuwa na mama anayemwambia anyamaze asilie!

Baadaye Hodi Hodi ikaanza kukawia. Zamani tulipata video mpya kila wiki, ikawa mara moja kwa mwezi, halafu Festo akaweka moja ya wavuvi wa Kipili na baada ya hapo... kimya. Watu waliandika chini yake, kaka umepotelea wapi, kaka tumekukumbuka, kaka kama unaumwa sema tukuombee. Hakujibu mtu. Ilitusikitisha, lakini video za zamani zilikuwepo, na ya mama ilikuwepo. Niliwahi kumwambia Deus aniingizie ile video kwenye simu nibaki nayo. Akanijibu, "Dada, ya nini kujaza simu? Iko pale siku zote." Nilimwamini. Yeye ndiye msomi.

Deus akapata kazi kwenye ofisi moja ya serikali mjini. Akapanga chumba chake. Akapata mchumba, binti anayeitwa Atupele, mtoto wa mtumishi aliyehamia huku kutoka Mbeya. Baba yake ni mzee wa kanisa, watu wa sala, nyumbani kwao pombe haitajwi hata kwa utani. Mimi nilifurahi kuliko hata Deus. Nilitafuta mshenga, nikapeleka posa, ikapokewa.

Lakini Deus akaanza kubadilika. Alinitaka niache kuuza pombe mpaka harusi ipite, wageni wasije wakakuta walevi uani. Nikakubali. Akataka mapipa yaondolewe. Nikayahamishia kwa jirani. Akasema mbele ya wakwe niseme mama alikuwa mkulima. Kulima alilima, sikatai, lakini kilichotulisha si shamba.

Halafu ikaja Jumapili ambayo sitaisahau. Tumetoka misa, Evodia ametandika mkeka, anafungua simu... haipo. Nikadhani bando limeisha. Nikanunua lingine. Haipo! Nikatafuta jina la chaneli, halipo. Nikamtuma Evodia kwa Mama Zuhura, jirani yetu mwenye duka, simu yake ni nzuri kuliko yangu. Alirudi akitembea polepole, na Mama Zuhura nyuma yake na ushungi wake umekaa upande. "Mwanangu," akaniambia, "Hodi Hodi imefutwa yote. Hata ile ya shemeji yangu na ng'ombe wake haipo."

Evodia hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, sasa mama yuko wapi?"

Msichana wa miaka kumi na tatu!

Jioni Deus alikuja. Alikaa na sisi, akainamisha kichwa, akatupa pole kama mtu aliyekuja msibani. Akasema mtandao ndivyo ulivyo, vitu vinakuja na kuondoka. Alimshika Evodia bega. Nilimpikia ugali wa ulezi na maharage, akala. Ndugu wasomaji, alikula chakula changu!

Sikutulia. Festo mwenyewe lazima atakuwa nayo, nilijisemea. Mtu hawezi kutupa kazi yake yote. Nikauliza kwa madereva, kwa wanunuzi wa mahindi, mpaka mmoja akaniambia Festo wa Hodi Hodi siku hizi yuko Laela, ananunua nafaka. Nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye mizani, mweupe kwa vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Alikuwa amenenepa. Wapakiaji waliponiona namwendea moja kwa moja wakaanza. "Bosi, mke wa Sumbawanga kafika!" Mwingine akadakia, "Leo lazima useme ulikokuwa!" Festo akageuka, akanitazama, akapiga makofi. "Wewe si Skola? Wa kwa mama wa ulezi!" Akawaambia wale vijana wanyamaze, huyu mama yake ndiye aliyemharibia viatu.

Nikamwambia nimefuata ile video ya mama.

Uso wake ukabadilika. "Dada yangu," akasema, "si ninyi wenyewe mliotaka itoke?"

"Sisi akina nani?"

"Alikuja kaka yenu mkubwa."

"Kaka Festo, sisi hatuna kaka mkubwa. Mkubwa ni mimi."

Akakaa juu ya gunia. Akanieleza yote. Deus alimfuata hapo hapo Laela akiwa na mzee mmoja aliyejitambulisha kuwa baba yetu mdogo. Walizungumza kwa adabu zote. Walisema ukoo umekaa, umeona marehemu apumzike, si vizuri watu waendelee kumtazama akicheza na kopo mkononi. Deus akasema yeye ndiye mkubwa wa nyumba na amekuja kwa niaba ya wadogo zake wote. Festo angefanya nini? Kijana aliyelelewa vizuri, amefuatwa na mtoto wa kiume wa marehemu pamoja na mzee wa ukoo, atawaambia hapana? Hakufikiria hata kuuliza kama dada anajua.

"Walipoondoka nikawaza sana," akaniambia. "Mle ndani nina marehemu wa watu wengi. Nikaona labda familia nyingine nazo zinaumia, hazina tu nauli ya kunifuata. Na kazi yenyewe nilishaiacha. Nikafuta yote."

Yote! Wafinyanzi, wakulima wa matuta, akina mama wa Kirando... wote wameondoka kwa uongo wa mtu mmoja aliyetaka kuoa.

Nikamuuliza, na ile uliyorekodi kwenye kamera? Akafunika uso kwa mikono yake yenye vumbi. Alikuwa nayo kwenye kadi ya kamera, nakala hiyo moja tu, hakuwa na nyingine. Na kwa heshima ya marehemu alimkabidhi Deus mkononi.

Mtanishangaa, lakini nilipata furaha! Kadi ipo! Iko kwa mdogo wangu! Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasali rozari. Nilijiambia nitamsamehe yote, uongo, aibu, yule baba mdogo wa bandia, mradi anipe kile kikadi.

Nilimkuta chumbani kwake anapiga pasi shati. Sikusalimia. Nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Nipe mama."

Alielewa hapo hapo. Akaiacha pasi juu ya shati. Kwanza akasema hajui ninachozungumza, kisha akasema nimepotoshwa, kisha akakaa kitandani.

Akanieleza kwamba siku moja alikuwa kwa akina Atupele sebuleni, Atupele yuko jikoni na mama yake. Kaka zake Atupele walikuwa wanaangalia Hodi Hodi kwenye simu, wanacheka. Wakaifikia ile ya mama. Mmoja akasema, "Mwone huyu bibi, kalewa saa nne asubuhi!" Wakaangua kicheko, wakamgeuzia Deus simu naye aone.

"Na wewe ukasema nini?" nilimuuliza.

"Nilicheka, dada."

"Ulimcheka nani?"

"Nilicheka nao." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye soksi. "Sikusema ni mama. Nikacheka nao mpaka mwisho. Baada ya hapo ningewaambiaje? Ningesema yule tuliyemcheka ndiye aliyenizaa? Ikawa kila nikienda pale naogopa wataifungua tena. Nikaona ikitoka tu, nitapona."

Yule baba mdogo alikuwa mlinzi wa ofisini kwao.

Nikamwambia, haya, nimesikia, kadi iko wapi? Akafuta machozi kwa kiganja. Nikamuuliza tena. Akasema aliivunja siku ile ile, akaitupa kwenye choo cha stendi ya Laela kabla hajapanda gari la kurudi.

Choo! Mama yangu, aliyenawa mikono kila mara anaposhika chujio... sauti yake ikatupwa chooni na mtoto wake wa kumzaa!

Sikumpiga. Nilikaa sakafuni. Shati likaanza kunuka kuungua, maana pasi ilikuwa imelala juu ya mkono wa shati hilo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kuiondoa.

Wengi mtasema ningeivunja ile harusi. Nilifikiria. Lakini Atupele alinikosea nini? Binti yule ananiita wifi kwa moyo mmoja. Nikaamua nitakwenda, kwa sababu mama angekwenda. Evodia alikataa. Alibaki kwa Mama Zuhura, na mpaka leo hajasema neno moja na kaka yake. Deus akija mlango huu, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku ya sherehe wazazi wa pande zote mbili waliitwa mbele. Upande wetu nikasimama mimi, na kitenge changu, mbele ya watu waliovaa suti. Baba yake Atupele, kwa nia njema kabisa, akaniomba niwaambie wageni kidogo juu ya mzazi wetu ambaye hakujaaliwa kuiona siku hii. Nilimwona Deus ananitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi. Ndugu wasomaji, sikutaka kumwaibisha. Lakini Deus alishamkana mama mara moja, nami nimkane mara ya pili?

Nikasema, "Mama yetu aliitwa Maria. Alikuwa mpika pombe ya ulezi, na hakukuwa na mwenzake mji huu. Pombe hiyo ndiyo iliyomsomesha bwana harusi mpaka mkamwona anafaa. Alipenda sana kucheka. Asanteni."

Nikasubiri. Nilidhani mzee yule atasimama, atasusa, atamchukua binti yake... Kila kitu ambacho Deus alikiogopa nilikisubiri pale nikiwa nimesimama.

Mzee akasema, "Mungu ampumzishe mahali pema." Kisha akamgeukia mshereheshaji, akamwambia chakula kinapoa.

Basi! Imeisha! Watu wakashika sahani, wakapanga foleni ya pilau. Wale kaka zake Atupele walipita mbele yangu, mmoja akanipa mkono na kuniambia pole, wala sijui kama aliwahi kuikumbuka ile video. Jambo ambalo kwa ajili yake tulipoteza sauti ya mama, halikuwazuia watu hata kuongeza nyama.

Nilimwona Deus amekaa kwenye kile kiti kilichopambwa, analia. Wageni walisema bwana harusi ana furaha.

Ameshakuja mara nyingi kuomba msamaha. Amesema atamtafuta mtaalamu, atamtafuta mtu yeyote aliyewahi kuihifadhi. Tumeuliza kila mahali. Wote walifikiri kama sisi, kwamba iko pale siku zote. Nimemwambia nimemsamehe, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila kuna asubuhi nachuja pombe, namkumbuka mama, na mkono wangu unakaza chujio mpaka linapasuka.

Linaloniumiza zaidi ni Evodia. Juzi juzi, tunaanika ulezi, aliniuliza, "Dada, mama alikuwa anacheka vipi? Hebu cheka kama yeye." Nikajaribu. Nikaanza chini, kama mtu anayekohoa... Evodia akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Nikajaribu na yale maneno ya kubembeleza, kwa Kifipa, taratibu. Maneno niliyapata yote, sikukosea hata moja. Lakini sauti ilikuwa yangu. Evodia akaniambia kwa upole, "Acha tu, dada. Unanichanganyia na ile ninayoikumbuka."

Tangu hapo sijajaribu tena. Naogopa nikiendelea, nitamfutia hata kidogo kilichobaki.

Ndugu zangu mnaosoma, nawaomba kwa machozi. Kama mna mzazi, au mna kipande chochote cha sauti ya mzazi, msikiache mikononi mwa watu msiowajua wala kwenye mitandao isiyo yenu. Wale vijana wa video huchoka, huoa, hupata kazi nyingine, siku moja unapiga hodi na hakuna anayeitika. Kiwekeni kwa kila mtoto wa nyumba, wa kike na wa kiume, mkubwa na mdogo, ili asitokee mmoja wa kuamua peke yake.

Na wewe kijana uliyesoma, unayeona haya kwa kazi ya mama yako... watu wakimcheka mbele yako, sema, "Huyo ni mama yangu." Ni maneno machache tu. Deus angeyasema siku ile sebuleni, wangeona aibu wao, wangeomba radhi, na jioni wangekuwa wamesahau. Hakuyasema. Sasa anayasema kila siku, na sisi wa kumsikia tumebaki wawili, na mmoja ametoka kwa mlango wa nyuma.